Jembe Nyuma ya Sauti

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na vikao navyo vimeanza leo, sijui kipi kitatulowesha zaidi. Dk. Lwakatare, mkuu wetu wa ofisi ya mitihani, ametangaza kwamba muhula huu karatasi basi. Wanafunzi wote watafanyia mtihani kwenye kompyuta, katika ukumbi mpya wenye viyoyozi ambavyo hakuna mtu wa Bukoba aliyeviomba. Vijitabu vya kujibia vilivyobaki nimeambiwa nivipeleke stoo.

Nikauliza, na Philbert je? Watu wakaangalia meza. Philbert yuko mwaka wa tatu, anasomea ualimu wa Kiswahili, kwao ni Kimwani huko Muleba, na haoni tangu utotoni. Tangu alipofika chuoni mimi ndiye ninayemsomea maswali katika chumba kidogo cha ghorofani kando ya ukumbi wa zamani, na mimi ndiye ninayeandika majibu anayoyasema.

"Dativa, naye atatumia kompyuta," Dk. Lwakatare akasema. "Itamsomea yenyewe. Wewe utapumzika."

Nani amesema nimechoka?

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nimepeleka vijitabu stoo. Panya wamefurahi.

Ijumaa, 6 Machi

Johnson amemjaribisha Philbert. Johnson ni kijana wetu wa TEHAMA, ametoka Mwanza, anatembea na waya shingoni kama rozari. Alimvalisha Philbert hedifoni, akawasha mtambo. Kiingereza kompyuta inasoma sawa. Kiswahili inakitafuna. Tulipochomoa hedifoni ili wote tusikie, ilisoma "mshororo wa mwisho" ovyo mpaka Johnson mwenyewe akashika tumbo kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, tena kwa ubaya, maana nilijua kituko kile kitanirudisha kwenye chumba changu.

Philbert hakucheka. "Itafutwe sauti nyingine, Madam," akasema. "Mimi chumba kile sirudi."

"Chumba kile kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Ila sijawahi kuandika mtihani wangu mwenyewe, hata mmoja. Kibodi naijua tangu shule ya msingi. Huu ndio muhula wangu wa mwisho. Nikitoka hapa bila kuandika mwenyewe, nitakuwa nimetoka na mkono wa mtu mwingine."

Mkono wa mtu mwingine ni wangu. Iliniuma, na sioni sababu ya kujidanganya humu ndani. Ninamjua kijana yule kwa namna ambayo pengine hata kwao hawamjui. Akijua jibu linatoka moja kwa moja, mpaka namwomba apunguze mwendo. Akikisia, anakohoa kidogo kwanza, mara mbili, ndipo anasema kwa sauti ya uhakika kabisa. Yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Sijawahi kumwambia, maana msomaji haruhusiwi kusema lolote.

Jumanne, 10 Machi

Sauti imepatikana. Mwalimu Kahangwa, aliyefundisha Kiswahili hapa mpaka akastaafu, atasoma maelekezo na mitihani yote minne ya Kiswahili, Johnson atairekodi, na kompyuta itampigia Philbert. Baraza la chuo limesema kama rekodi haitafaa, Philbert atarudi kwa msomaji. Yaani kwangu.

Philbert amefurahi mpaka amenishika bega. Nimesema vizuri sana, hongera. Nimekwenda nyumbani nikachoma ndizi zikaungua.

Alhamisi, 12 Machi

Tumekwenda Kanazi, kijijini kwa Mwalimu, na gari la chuo, mimi nikiwa na bahasha za mitihani zilizofungwa kwa lakiri, Johnson akiwa na mitambo yake. Mama Vestina, mke wa Mwalimu, alitupokea na kamwani za kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Johnson alizitia mdomoni, akazitema kwenye leso akidhani hatumwoni.

Kijiji kilikuwa kimya kupita kawaida. Mwalimu akasema, "Mmekuja siku njema, waitu. Bibi Joanitha wa kule bondeni amefariki jana. Mwili bado uko hospitali mjini, tunazika Jumamosi. Mpaka azikwe hakuna atakayeshika jembe, hata wa kuchimba kiazi. Mtapata ukimya mpaka mchoke."

Johnson akauliza kwa nini. Nikamwambia kwetu ndivyo ilivyo, penye msiba ardhi haiguswi. Ukionekana na jembe siku hiyo watakusema mpaka utamani kuhama. Wanaoruhusiwa kuchimba ni wachimba kaburi peke yao, nao zamu yao ilikuwa bado.

Mwalimu alikaa kando ya dirisha linalotazama kibanja, shamba lao la nyumbani. Mvua ilikuwa imepumzika. Akasoma, "Kaa sawasawa. Sikiliza mpaka mwisho. Bonyeza herufi R ukitaka nirudie." Ile sauti! Nilishindwa kumtazama usoni kwa wivu, nikawa natazama nje ya dirisha muda wote. Naandika hili kwa kuwa nina uhakika nalo: kulikuwa na migomba, mibuni, na kuku mmoja. Mtu hakuwepo.

Baada ya mtihani wa tatu sauti yake ilianza kukwaruza. Akacheka, akasema wa nne tuufuate wiki ijayo.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mwalimu amepiga simu, kifua kinambana. Mtihani wa nne usubiri.

Jumanne, 24 Machi

Leo Philbert ameanza mazoezi na rekodi ya maelekezo, maana hayo si siri, maswali ndiyo siri. Tulikuwa watatu ukumbini. Alisikiliza huku anatabasamu, vidole vikicheza juu ya kibodi. Halafu tabasamu likapungua. Akavua hedifoni.

"Madam, siku ile nani alikuwa analima?"

Nikamwambia hakuna aliyelima, kulikuwa na msiba. Akasema, "Basi yupo aliyelima." Akanipa hedifoni.

Mwanzoni nilisikia Mwalimu tu. Philbert akaniambia nisisikilize maneno, nisikilize nafasi kati ya sentensi na sentensi. Nikafumba macho. Nikasikia: thu. Kimya. Thu. Jembe linaingia kwenye udongo uliolowa, mbali, chini ya migomba. Kila aliyezaliwa huku anaijua sauti hiyo kabla hajajua kuongea.

Johnson akasikiliza naye, akasema ni umeme, au moyo wa mzee umeingia kwenye maiki. Nimetaka sana kumwamini.

Alhamisi, 26 Machi

Johnson amefungua rekodi kwenye skrini, akanionyesha sauti ilivyojichora, milima na mabonde. Kwenye mabonde kuna vinundu vidogo, vimepangana vizuri. Alijaribu kuvifuta. Kila alipofuta kinundu, neno la Mwalimu linalofuata nalo likafutika. Amejaribu asubuhi nzima. "Havitengani," akaniambia, na leo hakutania.

Jumatatu, 30 Machi

Philbert anasema linasogea. Wiki iliyopita lilikuwa bondeni, leo limepita katikati ya kibanja. Nimesikiliza, na kweli. Johnson ameapa kwamba faili ni lile lile, tarehe ile ile, ukubwa ule ule, hakuna aliyeligusa.

Nilimpeleka Philbert pembeni, nikamuuliza yeye anaonaje. Akakohoa kidogo, mara mbili. "Ni mashine tu, Madam. Inachosha masikio."

Anakisia. Na mimi nilirudi ofisini na wazo ambalo sikulipenda: rekodi ikikataliwa, chumba changu kitafunguliwa.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Philbert yuko likizo kwao Kimwani. Amenipigia simu baada ya Njia ya Msalaba. Alikwenda na maelekezo kwenye simu yake ili aendelee na mazoezi. Mchana alikuwa amekaa barazani anasikiliza bila hedifoni, bibi yake akiwa ndani anapika. Bibi huyo, Kokushubila, masikio yake si mazuri, ukitaka akusikie unapaza sauti. Akatoka nje na mwiko mkononi, akafoka, "Nani huyo asiye na adabu anayelima Ijumaa Kuu?"

Philbert akamwambia hakuna mtu, ni simu. Bibi akasema, "Simu gani? Yuko hapo nyuma ya ukuta." Akazunguka nyumba kumtafuta.

"Bibi yangu hajasikia sauti ya Mwalimu kabisa, Madam," Philbert akaniambia. "Kasikia jembe peke yake."

Mtandao ukakatika. Sikumpigia tena. Niliwasha taa za nyumba nzima wakati nje bado kulikuwa na mwanga.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Nimeshinda Muleba kwa wakwe zangu, njia ya Kamachumu. Nimepalilia kaburi la marehemu mume wangu, Alexander. Kijito kilicho nyuma ya kibanja kimejaa, kinanguruma mpaka ndani ya nyumba. Wifi amenionyesha ile nafasi iliyo kando ya Alexander, akasema hiyo ni yangu, wala nisiwe na haraka. Tukacheka. Mbuzi alikuwa mtamu.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo jembe limegonga jiwe.

Nilikuwa na hedifoni upande mmoja, Philbert upande mwingine, vichwa vimegusana. Mwalimu akasema, "Kaa sawasawa," na chini ya sauti yake, karibu kabisa, chini ya dirisha lile lile nililokuwa nalitazama, chuma kikalia juu ya jiwe. Mtu akasema kwa Kihaya kwamba kuna jiwe hapa. Mwingine akacheka, akakohoa kikohozi kizito cha mvuta sigara. Wa kwanza akaomba sururu.

Na Mwalimu juu yao anaendelea kwa upole, "Sikiliza mpaka mwisho."

Johnson alipofika kusikiliza alisikia jembe tu, hakusikia watu. Hajui Kihaya, nadhani alisikia akadhani ni kelele. Amekwenda kwa Dk. Lwakatare kuomba likizo. Amenyimwa.

Nilimpigia Mwalimu simu, nikisingizia mtihani wa nne. Nilitaka kusikia tu kama yupo. "Nipo, Dativa," akasema, "kifua kinalegea. Njooni baada ya wiki hii." Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba kuna watu wanachimba chini ya dirisha lako na huwaoni? Nikamwambia anywe maji ya moto.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua ya mawe. Linachimba.

Jumanne, 14 Aprili

Limenyamaza. Tumesikiliza mara nyingi, mimi na Philbert, mpaka umeme ukakatika. Ni Mwalimu peke yake, sauti safi, na kati ya sentensi hakuna kitu chochote. Kwenye skrini ya Johnson mabonde ni tambarare, vinundu havipo.

Johnson alifurahi mpaka akatununulia soda. Philbert hakuigusa yake. "Madam," akasema, "mtu huacha kuchimba akimaliza."

Jumatano, 15 Aprili

Mama Vestina alipiga simu asubuhi. Mwalimu Kahangwa amefariki jana mchana, amekaa kitini mwake kando ya dirisha. Alikuwa anasubiri chai.

Nimelia. Nililia kwa ajili yake, halafu nikalia kwa woga, na ile ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimerudi kutoka Kanazi sasa hivi. Nitaandika yote.

Nilifika mapema na wanawake wengine ili tusaidie jikoni. Nilikuwa namenya ndizi nyuma ya nyumba, tumekaa kwenye majani, wenzangu wanasimuliana habari za marehemu. Upande wa pili wa nyumba wanaume walikuwa wameanza kazi. Thu. Kimya. Thu. Nilijiambia ni jembe tu, kila kaburi huchimbwa kwa jembe. Nikaendelea kumenya.

Chuma kikagonga jiwe. Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nikawa nasubiri. Mtu akasema kwa Kihaya kuna jiwe hapa. Na kabla yule mwingine hajacheka, mimi nilishajua atacheka, na nilijua kikohozi kitakavyokuwa, na kilikuja vile vile, kizito, cha mvuta sigara. Halafu sururu ikaombwa. Ndizi ilinitoka mikononi, mama mmoja akaniuliza kama nimejikata.

Nikazunguka nyumba. Kaburi liko chini ya dirisha, mahali kabisa nilipomwona yule kuku. Wametoa mgomba mmoja ili lienee. Mvuta sigara nimemwona, ni mtu wa kawaida tu, ana kofia ya timu ya mpira, alinisalimia vizuri.

Philbert alikuwa amekuja na wanafunzi wenzake. Nilimkuta amesimama peke yake kando ya ukuta, uso ameuelekeza kwenye shimo. Nilimshika mkono, naye, asiyependa kushikwa mkono, akaniachia.

Baada ya mazishi nilimwendea Mama Vestina. Nikamwambia kuna sauti ya Mwalimu ambayo tulitaka kuitumia kwenye mtihani, kama hataki tutaiacha. Nilisema "tutaiacha" kwa haraka. Akafikiri, akasema, "Alipomaliza kusoma siku ile alisema amefurahi kufundisha tena. Mwacheni amalize kazi yake."

Jumatatu, 20 Aprili

Dk. Lwakatare ameniita. Kuna karatasi inayotakiwa kusainiwa na msomaji wa zamani, kuthibitisha kwamba rekodi inafaa na mtahiniwa hatapata usumbufu. "Nasikia kuna maneno maneno," akasema. "Johnson anasema sauti ni safi. Wewe unasemaje? Ukisema haifai, nitafuta mpango mzima na utamsomea mwenyewe. Sitakulaumu."

Hapo ndipo nilipokuwa napataka tangu mwanzo wa mvua. Neno moja tu, na kweli ninayo ya kutosha kulisemea. Sauti ya marehemu, jembe, kaburi. Hakuna ambaye angenishangaa.

Nikachungulia dirishani. Philbert alikuwa amekaa kwenye ngazi, kibodi isiyounganishwa na kitu juu ya magoti yake, anaandika. Midomo inasema maneno, vidole vinayafuata. Sijui alikuwa anaandika nini. Kwa mara ya kwanza sikuhitajiwa kujua, na nikaona ni uso mzuri, uso wa mtu asiyesubiri mtu.

Nimesaini.

Jumatatu, 4 Mei

Mtihani wa kwanza. Nilisimama nyuma ya ukumbi. Wanafunzi wote wametazama skrini, kimya, hakuna hata mlio wa karatasi inayogeuzwa. Ni vidole tu. Na ndani ya kichwa cha mmoja wao marehemu anasoma maswali.

Nilimfuata alipotoka. "Ni Mwalimu peke yake," akasema. "Hakuna mwingine. Nimeandika yote, Madam, mpaka muda ukabaki." Alikuwa anacheka, jasho limemtoka puani. Hakukohoa hata kidogo.

Jumatano, 6 Mei

Mtihani wa pili na wa tatu. Vizuri. Mvua inapungua.

Alhamisi, 7 Mei

Umebaki wa nne, ule ambao Mwalimu hakuusoma. Dk. Lwakatare ameniita. "Dativa, wewe ndiye sauti aliyoizoea. Soma wewe, Johnson arekodi, Philbert aandike mwenyewe kama mitihani mingine." Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tangu Machi hakuna kitu kilichonifurahisha hivyo. Sauti yangu, mkono wake.

Usiku huu nimekuwa na hofu kidogo, lakini hofu ya nini? Sauti ya Mwalimu haikumuua Mwalimu. Ni kifua.

Ijumaa, 8 Mei

Tumerekodi ghorofani, katika chumba changu kidogo. Nilichagua mwenyewe. Chini ni vigae, chini ya vigae ni zege, chini ya zege ni ofisi ya mhasibu. Madirisha nilifunga. Jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi. Nimesoma maelekezo na maswali yote, sijakosea popote, na Johnson amesema nina sauti ya redioni.

Jumamosi, 9 Mei

Philbert amekuja kujaribu maelekezo. Nilikaa mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri maksi. Alisikiliza. Alibonyeza R. Alisikiliza tena. Akabonyeza R tena. Akavua hedifoni taratibu, akaziweka mezani, akakaa na mikono juu yake, kana kwamba asingependa mtu mwingine azichukue.

"Ni sauti nzuri, Madam," akasema.

"Umesikia nini kingine?"

"Wewe tu."

Baadaye, nikiwa namsindikiza getini, akaniuliza kama mtu anayetafuta cha kuzungumza: "Hivi Madam, kwenu hasa ni wapi? Kwa marehemu mzee?"

"Muleba, njia ya Kamachumu. Si nilikwambia."

"Kuna mto huko?"

Nikasema kuna kijito, nyuma tu ya kibanja, kipindi hiki kinanguruma mpaka ndani. Philbert akasimama. Fimbo yake ilikuwa imegusa nguzo ya geti, akawa anaigonga pale pale bila kupita. Kisha akasema asante, usiku mwema, na ilikuwa saa sita mchana.

Jumapili, 10 Mei

Misa. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 11 Mei

Asubuhi Philbert alikuwa ofisini kwa Dk. Lwakatare kabla yetu sote. Ameomba mtihani wa nne asitumie kompyuta. Ameomba msomaji, wa karatasi, katika chumba kile. Dk. Lwakatare alitoka ameduwaa. "Si yeye aliyetusumbua tangu Machi kwamba anataka kuandika mwenyewe? Na mmoja tu umebaki! Anasema mashine imemchosha masikio, na anataka rekodi ya kwako ifutwe, isibaki popote."

Nimekubali kwa niaba ya msomaji.

Johnson alikuja kuniuliza kama nataka kusikiliza kabla hajafuta. Alinishikia hedifoni kwa mkono ulionyooka, mbali na mwili wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemwambia afute, mimi nina kazi stoo. Nimekwenda stoo, nikakaa juu ya maboksi ya vijitabu, nikakumbuka kile kijito na ile nafasi iliyo kando ya Alexander, nikajigusa kifua, nikajigusa tumbo. Sina ugonjwa wowote. Mwalimu Kahangwa naye hakuwa nao alipotusomea mitihani ile mitatu.

Nimeogopa. Halafu nimefikiri juu ya kijana yule, kwamba alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka katika chuo hiki, na amekirudisha mwenyewe ili nisikae peke yangu na sauti yangu. Nikaogopa kidogo kidogo, si kwa mkupuo.

Nimechagua kijitabu kimoja ambacho panya hawajakigusa.

Jumatano, 13 Mei

Mvua haikunyesha leo. Chumba kilikuwa na vumbi, nikafuta meza mbili, yake na yangu. Philbert aliingia, akahesabu hatua zake kama zamani, akavuta kiti.

"Umeutupa mkono wako," nikamwambia. "Ungemaliza yote minne."

"Mitatu inanitosha. Huu wa nne tuandike wote."

Nikanoa penseli isiyohitaji kunolewa. Msimamizi alikuwa hajafika, na mtihani ukishaanza haturuhusiwi kusema lolote lisilo la karatasi. Nilijua sitapata nafasi nyingine ya kuuliza.

"Philbert," nikasema, "liko mbali?"

Hakuniuliza ni nini. Alikaa sawasawa, mikono magotini, uso ameuelekeza kwangu. Akakohoa kidogo, mara mbili.

"Mbali sana, Mama," akasema.

Msimamizi akaingia na bahasha. Nikaifungua, nikamsomea swali la kwanza.